Maumivu ya jiwe la figo: ni sindano ipi itangulie, na kwa nini isiwe ile tunayoiita kali

Mleta uzi

Ndugu zangu wa Tanga, na wote mnaopita hapa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka 19 nimefanya kazi katika chumba cha dharura, sehemu kubwa ya miaka hiyo ikiwa hapa hapa mjini. Ninaandika kuhusu jambo moja: mtu akiletwa usiku akiwa na maumivu ya jiwe lililonasa katika mrija unaotoka kwenye figo kwenda kibofuni, achomwe sindano gani kwanza. Sababu ya kuandika ni shemeji yangu, mvuvi wa Sahare, ambaye mwezi Februari aliamshwa na maumivu ya ubavu wa kushoto saa nane usiku. Alikuwa anagaagaa sakafuni, anasimama, anaketi, anainama, na hakuna mkao uliompa nafuu. Yeyote aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo hawezi kumsahau, kwa sababu mwenye tumbo lililoharibika ndani hulala kimya akiogopa hata kuguswa, lakini mwenye jiwe hatulii.

Walimpeleka kituo kilichokuwa karibu. Akapewa haiosini ya mshipa, yaani dawa ya kulegeza misuli ya ndani ya tumbo, na dripu mbili za maji, kisha ndugu wakaambiwa wasubiri, kwa kuwa dawa ya maumivu makali iko katika kabati lenye kufuli na mwenye ufunguo hajafika. Nilipowasili, saa mbili na nusu zilikuwa zimepita. Nilipouliza kuhusu diklofenaki, nilijibiwa kwamba ipo, tena nyingi, lakini hiyo ni ya mgongo na meno. Alichomwa baada ya mimi kusihi kwa adabu yote niliyojaliwa: miligramu 75, ampuli moja ya mililita 3, ndani kabisa ya msuli wa tako. Baada ya takriban nusu saa aliniita jina langu na kuomba maji. Saa mbili na nusu za mateso yale hazikusababishwa na ukosefu wa dawa. Zilisababishwa na imani kwamba maumivu makubwa yanataka dawa yenye jina kubwa.

Naomba nieleze maumivu haya yanatokea wapi, kwa maana ukilielewa hilo, uchaguzi wa sindano unakuwa mwepesi. Watu wengi hudhani kwamba jiwe linakwaruza mrija kama kioo kinavyokwaruza ngozi, na kwamba mkwaruzo huo ndio uchungu wenyewe. Mkwaruzo upo, na ndio maana mkojo huweza kuwa na damu, lakini uchungu mkubwa unatokana na kuziba. Mkojo unaendelea kutengenezwa nyuma ya jiwe, mfuko wa figo unatanuka, na ukuta wake unavutwa. Mwili unapohisi mvuto huo hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hupanua mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Damu ikiingia zaidi, mkojo unatengenezwa zaidi, na shinikizo linapanda tena, huku msuli wa mrija nao ukiwa umekaza kulizunguka jiwe. Ni duara linalojilisha lenyewe.

Diklofenaki, ketorolaki na ndugu zao huzuia utengenezaji wa prostaglandini hizo. Maana yake ni kwamba haziendi kwenye ubongo kuufanya usisikie kilio. Zinakwenda kwenye duara lenyewe na kulikata, shinikizo linashuka, msuli unalegea kiasi, na uvimbe ulio mahali jiwe liliponasa unapungua. Mofini, pethidini na tramadoli, ambazo ni dawa za jamii ya afyuni, hufanya kazi nzuri sana ya kuzuia habari ya maumivu isifike, lakini nyuma ya jiwe mambo yanabaki kama yalivyokuwa.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya Anna Holdgate na Tamara Pollock waliokusanya majaribio 20 yenye wagonjwa 1,613, wakilinganisha jamii ya diklofenaki na jamii ya afyuni kwa maumivu haya haya. Waliopewa jamii ya diklofenaki walipata nafuu iliyo sawa au iliyozidi kidogo, wachache zaidi kati yao walihitaji kuongezewa dawa nyingine, na walitapika kwa uchache sana kuliko waliopewa afyuni, hasa pethidini. Kisha mwaka 2016 jarida la Lancet likachapisha jaribio kubwa lililofanyika Qatar, nchi yenye joto kali na wagonjwa wengi wa mawe. Watu 1,645 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: diklofenaki miligramu 75 ya msuli, parasetamoli gramu 1 ya mshipa, na mofini ya mshipa kwa kipimo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Swali lilikuwa ni wangapi maumivu yao yatapungua kwa nusu au zaidi ndani ya dakika 30. Kwa diklofenaki walikuwa asilimia 68, kwa parasetamoli asilimia 66, na kwa mofini asilimia 61.

Nawaomba mzitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Hazisemi kwamba mofini ni dawa dhaifu, kwani sita kati ya kumi walipata nafuu kubwa kwa nusu saa. Zinasema kwamba ampuli ile inayodharauliwa, inayopatikana karibu kila kituo cha afya kuanzia Mkinga hadi Handeni, haikupitwa na dawa inayofungiwa kabatini, wala mgonjwa aliyepewa hakulala usingizi mzito wala kuhitaji kuangaliwa pumzi yake.

Kuhusu haiosini, ambayo ndiyo hutolewa mwanzo katika vituo vingi kwa hoja kwamba inalegeza mrija, naandika bila kumlaumu yeyote kwa kuwa nami niliitoa kwa miaka mingi nikiamini hivyo. Hoja inavutia, lakini wagonjwa walipoongezewa haiosini juu ya dawa nyingine, hawakuhitaji mofini kidogo kuliko wale ambao hawakuongezewa. Mwenye kuitoa peke yake kama tiba ya maumivu anamwacha mgonjwa na uchungu wake. Dripu za "kusukuma jiwe" nazo ni hivyo hivyo. Aliyetapika akakauka apewe maji, hiyo ni haki yake. Lakini kuyamimina maji mengi nyuma ya mrija uliozibwa hakuharakishi jiwe kutoka, na kwa mantiki ya lile duara mnaweza kuona wenyewe kwa nini.

Mwenye swali au marekebisho, karibu.

Mchangiaji wa Muheza

Dada muuguzi, nashukuru kwa somo, ila naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Mimi nimeshikwa na maumivu haya mara tatu tangu mwaka 2011. Mara ya kwanza na ya pili nilichomwa pethidini, na nakuhakikishia kwamba nililala kama mtoto mchanga hadi asubuhi. Mara ya tatu nilichomwa hiyo diklofenaki, na ingawa maumivu yalipungua, nilibaki macho usiku kucha nikihisi kitu kizito ubavuni. Sasa utaniambiaje kwamba hiyo ndiyo bora? Madaktari wetu wa zamani walitufundisha kwamba pethidini inalegeza mrija wakati mofini inaukaza.

Mleta uzi

Kaka yangu wa Muheza, ushuhuda wako nauheshimu na siupingi hata neno moja. Ulilala, na usingizi baada ya maumivu yale ni neema. Ninachoomba tukitenganishe ni kulala na kupona uchungu, kwa sababu pethidini hutoa vyote viwili pamoja na kuacha mwenye mwili asijue kipi kilimsaidia. Je, hukutapika mara zile mbili? Wengi hutapika, na anayetapika huku ana jiwe anarudi nyuma hatua mbili.

Hilo la kulegeza mrija lina historia yake. Pethidini ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 na mkemia Otto Eisleb, aliyekuwa akitafuta dawa ya kulegeza misuli ya ndani, si dawa ya maumivu. Uwezo wake wa kutuliza maumivu uligunduliwa wakati wa majaribio. Kwa hiyo imani kwamba inafaa zaidi kwa mirija ilizaliwa pamoja na dawa yenyewe, ikapita kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Pethidini na mofini zilipolinganishwa zote zikitolewa mshipani kwa wagonjwa wa mawe, nafuu haikutofautiana. Pethidini ina hasara ya ziada, kwamba mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine inayokaa muda mrefu na kusumbua neva, na kwa mwenye figo dhaifu, au anayechomwa mara nyingi mfululizo, kemikali hiyo inaweza kuleta mtetemeko na hata degedege. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya inaweka jamii ya diklofenaki mbele, na ikilazimu kutumia afyuni, inashauri isiwe pethidini.

Kuhusu uzito uliobaki ubavuni usiku ule wa mara ya tatu, hapo nakubaliana nawe kwamba hukuhudumiwa kikamilifu. Kuanza na diklofenaki hakumaanishi kuishia hapo. Mgonjwa aulizwe tena baada ya nusu saa, na kama bado anaumia, aongezewe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 130: wengine wakapewa mofini peke yake, wengine ketorolaki peke yake, na wengine zote mbili. Waliopewa zote mbili walipata nafuu kuliko makundi mengine, na wachache zaidi walihitaji dawa ya ziada. Ungekuwa zamu yangu, ningekuongezea mofini kidogo kidogo mshipani, na ungelala.

Mfamasia wa Chumbageni

Nawasalimu wote. Naunga mkono hoja ya mleta uzi na ninaongeza mambo mawili ya dawa zenyewe.

Ketorolaki nyingi sokoni huja katika ampuli ya miligramu 30, na mazoea ni kuimaliza yote kwa sababu tu imefunguliwa. Kuna jaribio la Brooklyn, New York, lililochapishwa mwaka 2017, lililohusisha wagonjwa 240 wa maumivu makali ya aina mbalimbali, yakiwemo ya ubavuni, waliopewa mshipani miligramu 10, 15 au 30. Nafuu ilikuwa ileile kwa makundi yote matatu. Kwa hiyo kuongeza dozi kunaongeza hatari kwa tumbo na figo bila kuongeza nafuu. Kwa mtu mzima wa kawaida, miligramu 10 hadi 15 za mshipa zinatosha kuanzia. Na ketorolaki haipaswi kuvuka siku 5 kwa jumla, sindano na vidonge vikihesabiwa pamoja.

La pili ni diklofenaki ya ampuli. Kiwango cha juu kwa siku ni miligramu 150, yaani ampuli mbili kwa siku nzima, kila moja tako lake, na sindano zisizidi siku mbili; baada ya hapo mgonjwa ahamie kwenye vidonge. Ampuli tulizozoea ni za msuli, na kuisukuma moja kwa moja mshipani ni kosa ambalo nimewahi kulisikia likitendeka.

Parasetamoli ya chupa ya gramu 1 katika mililita 100, inayopitishwa kwa dakika 15, nayo isisahauliwe. Wengi huidharau kwa sababu ya jina lake, wakidhani ni kidonge cha homa kilichotiwa maji.

Mleta uzi

Ndugu mfamasia, nashukuru sana. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimekuwa nikimaliza ampuli nzima ya miligramu 30 kwa miaka mingi. Nitabadilika kuanzia zamu yangu ijayo, na nitawaeleza wenzangu.

Mkazi wa Makorora

Mama, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 71, ana presha ya muda mrefu, na daktari alisema figo zake zimeanza kuchoka. Hajawahi kuugua mawe. Juzi alilalamika maumivu ya kiuno upande mmoja yaliyoshuka kuelekea kinenani, yakaondoka yenyewe. Yakirudi, niombe diklofenaki?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Hapana, usiiombe, na naomba unisome hadi mwisho.

Lile lile linaloifanya diklofenaki iwe nzuri kwa kijana mwenye figo nzima ndilo linaloifanya iwe ya hatari kwa baba. Nilisema prostaglandini hupanua mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Figo iliyochoka, hasa ya mtu mwenye presha, inazitegemea kemikali hizo ili ipate damu ya kutosha kila siku. Ukizizuia, unaifungia bomba. Ikiwa baba anatumia pia vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, au vile vya jamii ya lisinopri au losatani, hatari inazidi. Vivyo hivyo kwa mwenye figo moja, mwenye vidonda vya tumbo au aliyewahi kutapika damu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye moyo uliopanuka, na mwenye pumu inayochochewa na aspirini. Hao wote, kwanza wapewe parasetamoli ya mshipa, na ikihitajika mofini kwa kipimo kidogo huku wakiangaliwa, kwa kuwa mofini nayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi figo zikiwa dhaifu.

Lakini kabla ya kufikiria sindano yoyote, kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Mzee mwenye presha, ambaye hajawahi kuwa na jiwe maisha yake yote, akipata kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 71 maumivu yanayofanana na ya jiwe, daktari anapaswa kuutazama mshipa mkuu wa damu unaopita tumboni. Mshipa huo ukitanuka kama puto na kuanza kuvuja, maumivu yake huweza kuiga ya figo kabisa kabisa. Kipimo cha ultrasaundi ya tumbo kinaweza kuonyesha ukubwa wake kwa dakika chache. Naomba umpeleke kesho asubuhi hata kama haumwi, na ueleze hivi nilivyokueleza. Yakirudi usiku, usisubiri asubuhi.

Kijana wa Ngamiani

Wakubwa zangu, kama diklofenaki inapatikana na bei yake ni nafuu, kwa nini mwenye tatizo linalojirudia asinunue ampuli kadhaa akaziweka nyumbani? Mtaani kwetu yupo mama mmoja anachoma sindano vizuri tu, hata usiku wa manane ukimgongea anafungua.

Mleta uzi

Mdogo wangu, nakuelewa kwa sababu nimewaona watu wakilia njiani wakitafuta bajaji, na nia ya huyo mama naamini ni njema. Hata hivyo nakuomba usifanye hivyo, na sababu si kanuni za karatasi pekee.

Sindano ya diklofenaki ni miongoni mwa zile zinazoudhi nyama zaidi. Ikikosewa mahali, yaani isipochomwa robo ya juu ya nje ya tako, inaweza kugusa neva kubwa inayoteremka mguuni, na mtu akaamka mguu umelegea. Ikiingia kwenye mshipa mdogo wa damu, ngozi na nyama ya eneo hilo huweza kugeuka rangi ya zambarau, kisha nyeusi, na kufa. Nimewahi kufunga kidonda cha namna hiyo kwa wiki saba, na aliyekuwa nacho alikuwa kondakta wa daladala aliyechomwa nyumbani kwa sababu ya mgongo. Majipu ya tako sitayahesabu.

Isitoshe, anayegongewa usiku wa manane hana kipimo cha mkojo, hana kipima joto, na hawezi kujua kama ubavu unaouma ni wa jiwe. Kijana wa kiume mwenye maumivu ya ghafla ya kinena anaweza kuwa na korodani iliyojisokota, ambayo ina saa chache tu kabla haijafa. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Kwa mwanamke wa umri huo mimi sifungui ampuli hii kabla ya kuona kipimo cha ujauzito, hata akiapa kwamba haiwezekani; na kwa mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, dawa hizi huepukwa kwa ajili ya figo za mtoto na kupungua kwa maji ya uzazi, na mwezi wa saba na kuendelea kwa ajili ya moyo wake pia.

Kwa mwenye mawe yanayojirudia, ambaye daktari amekwisha kumpima na kuridhika, kuna vidonge au dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, vyenye dawa ile ile ya diklofenaki. Hiyo ya njia ya haja kubwa inafaa hasa kwa anayetapika, ingawa najua wanaume wengi wa hapa hukataa hata kuisikia. Azungumze na daktari wake aandikiwe.

Tabibu wa zahanati, upande wa Pangani

Dada, nimeufuatilia uzi wako tangu jana. Mimi niko peke yangu na muuguzi mmoja. Sina mofini, sina ketorolaki, sina parasetamoli ya mshipa. Nina diklofenaki ya sindano, tramadoli ya sindano, haiosini, na dripu. Hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Bombo, iko umbali wa kilomita kama 50 kutoka Pangani mjini, na kutoka kwangu ni zaidi. Nikimpata mgonjwa wa jiwe usiku, nifanye nini kwa hivi nilivyonavyo, na ni yupi nimsafirishe usiku huo huo?

Mleta uzi

Tabibu, swali lako ndilo lililonifanya nione kwamba uzi huu una faida. Kwa hivyo ulivyonavyo unaweza kumtuliza mgonjwa wako vizuri, ikiwa tu hana yale makatazo niliyoyaandika kwa mkazi wa Makorora.

Mpime joto, presha na mapigo. Pima mkojo kwa kijiti, na kwa mwanamke pima ujauzito. Kisha mchome diklofenaki miligramu 75 mara moja, usingoje majibu ya kitu kingine, na umpe parasetamoli ya kidonge gramu 1 kama hatapiki. Nakuambia hivyo kwa kuwa zinafanya kazi kwa njia tofauti na hazigombani. Baada ya dakika 30 mwulize tena. Kama bado anaumia sana, tramadoli miligramu 50, polepole mshipani kwa dakika mbili tatu au zaidi, kwani ukiisukuma haraka atatapika na kizunguzungu kitamshika. Usimpe mwenye kifafa, na muulize kwanza kama anatumia dawa za sonona. Haiosini iache kabatini kwa mwenye tumbo linalosokota.

Wa kusafirishwa usiku huo huo ni hawa. Mwenye homa au kutetemeka, kwa sababu mkojo uliozibwa ukiwa na wadudu ni usaha uliofungiwa, na figo hiyo inahitaji kutobolewa au kuwekewa mrija ili itoe; mpe dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipa na aondoke, na usidanganywe na diklofenaki itakayoshusha homa yake na kumfanya aonekane mzima. Mwenye figo moja. Asiyetoa mkojo kabisa. Mjamzito. Mzee anayeumwa hivi kwa mara ya kwanza. Na yule ambaye maumivu hayakusikia dawa zote mbili.

Wengine, maumivu yakitulia, wanaweza kungoja mchana wakapigwe picha. Jiwe lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, theluthi mbili na zaidi ya watu huponea hapo. Mwambie achuje mkojo kwa kitambaa ili jiwe lionekane. Maji anywe ya kutosha baada ya maumivu kutulia, na kuanzia hapo kila siku anywe hadi mkojo ufike lita mbili na nusu, jambo ambalo kwa wavuvi wetu na wakata mkonge, wanaotoka jasho mchana kutwa, si dogo. Madafu ni mazuri, ila yasichukue nafasi ya maji.

Mchangiaji wa Muheza

Dada, nimekumbuka sasa. Mara zile mbili nilitapika sana njiani wakati wa kurudi nyumbani, tukadhani ni gari.

Tabibu wa zahanati, upande wa Pangani

Narudi na taarifa. Juzi usiku, saa nne na robo, nililetewa binti wa miaka 26 mwenye maumivu ya ghafla ya ubavu wa kulia yanayoshuka chini, anatapika, hatulii kitandani. Mama yake alisema ni mawe, kwa kuwa baba yake aliwahi kuwa nayo. Mkojo ulikuwa na damu kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuvunja shingo ya ampuli ya diklofenaki, na kama si uzi huu ningekuwa nimemchoma. Nilimwambia muuguzi apime ujauzito kwanza, na binti akasema hakuna haja, siku zake alizipata wiki mbili nyuma.

Mistari ilitokea miwili. Nilipoipima presha tena ilikuwa imeshuka. Niliweka njia mbili za mshipa, nikampa maji na tramadoli kidogo, nikapiga simu ya gari la wagonjwa, na nikapanda naye mwenyewe. Ultrasaundi ilionyesha mimba nje ya mfuko wa uzazi na damu tumboni. Waliingia naye chumba cha upasuaji saa nane kasoro usiku. Jana jioni nilimpigia mama yake simu, na aliniambia kwamba binti amekunywa uji.